Nguvu za mwili hazizuii ugonjwa wa mwinuko

Kasese, mji wa Uganda ulio chini ya milima ya Rwenzori, utawasikia vijana wakisema: "Mimi nacheza mpira kila jioni, Rwenzori itanifanya nini?" Wanaamini ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kwa kukosa oksijeni ya kutosha juu mlimani, huwapata wazee na wasiofanya mazoezi. Si kweli, na imani hii inaweza kuua.

Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, ileile ya Kampala. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Kwenye Margherita, kilele kirefu zaidi cha Rwenzori, mita 5,109, kila pumzi huingiza oksijeni inayokaribia nusu tu ya ile ya pwani. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea, na mazoezi hayazipunguzi siku hizo. Tena mwenye nguvu ndiye anayejiponza zaidi, maana hupanda haraka. Ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana.

Siku ya kilele ndiyo ngumu kuliko zote. Watu huondoka kibanda cha Elena, mita 4,541, kabla ya alfajiri, kwenye baridi kali. Ukiamka kichwa kinauma na una kichefuchefu, tafadhali usimfiche kiongozi wako kwa kuona aibu. Baki hapo, usipande. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema ilhali umekaa, huenda ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Hapo ni kushuka mara moja ukiwa na mwenzako, hata kama kilele kinaonekana.