Maji hayaleti malengelenge, moto ndo unaleta

Juzi jioni nimeshavua gauni la kazi nataka kutoka, akaletwa mtoto wa miaka 3 kamwagikiwa chai ya maziwa, mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Mkono mzima mweupe. Dawa ya meno, imepakwa nene kama lipu, imekauka na kupasukapasuka, na juu yake shangazi mtu kaongezea mawese ili isikaze. Nilikaa naye karibu saa nzima na gozi (kile kitambaa chepesi cha kusafishia vidonda) na maji ya chumvi ya chupa, naloweka, natoa kidogo kidogo, na kila kipande kinachobanduka kinaondoka na ngozi ya lengelenge. Mtoto kalia mpaka sauti imekauka.

Nikamuuliza mama yake kwa upole, kwanini hamkummwagia maji? Akanijibu, "Sista, maji si ndo yanaleta malengelenge?"

Jamani. Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye zahanati za huku Kigoma kando ya ziwa na hilo jibu nimelisikia Ujiji, nimelisikia Kibirizi kwa wavuvi, nimelisikia kwa wamama wanaochemsha mawese, na limenichosha kwelikweli. Lengelenge linaletwa na joto. Likishaingia kwenye ngozi, tabaka la juu linaachana na la chini na maji ya mwili yanajaa katikati, na hiyo inachukua muda, dakika hata masaa. Sasa mtu kaungua, kamwagia maji, baada ya nusu saa lengelenge limevimba, anasema maji ndo yameleta. Lingekuja tu, na pengine kubwa zaidi, maana ukishaondoa chai ngozi haijaacha kuungua, joto lililobaki ndani linaendelea kushuka chini taratibu wakati wewe unatafuta dawa ya meno kabatini.

Na hapa wananiambia "lakini inapoza sista, unasikia kabisa ubaridi". Ndio unausikia, na sikatai kwamba unausikia. Ile ni minti. Minti inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, ndo maana ukipiga mswaki alafu ukavuta hewa mdomo unakuwa kama una barafu, lakini mdomo haujapoa hata kidogo, weka kipimajoto uone. Ngozi ni hivohivo, mgonjwa anasikia baridi na joto liko palepale. Mawese nayo yanafunika, joto linakosa pa kutokea. Alafu yana rangi! Mimi kazi yangu ya kwanza ni kujua kidonda kimeenda chini kiasi gani, na nakijua kwa rangi na kwa kukibonyeza, sasa ukiniletea mkono wa rangi ya chungwa nitaona nini? Na niseme ukweli, hata bila mawese sio rahisi. Picha nilizosomea ni za ngozi nyeupe, "itakuwa nyekundu", wanasema. Kwa ngozi zetu wekundu haujitokezi hivo, mara nyingi lengelenge likipasuka ndo naona pinki chini yake, na nimeshawahi kusema kidonda ni cha juujuu baada ya siku 3 nikakuta ni kirefu. Kwahiyo usinipunguzie hata kile kidogo ninachoweza kuona.

Kitu kingine kinachonikosesha usingizi ni "haiumi tena, dawa imefanya kazi". Kidonda cha moto cha juujuu kinauma sana. Kile kilichoenda chini kimeua mpaka mishipa ya fahamu, hakiumi. Mtoto aliyeungua sehemu kubwa alafu ametulia hasikii maumivu pale, huyo mkimbize.

Kwanini watu wanaamini? Kwasababu kuungua kadogo kwa sufuria kunapona kwenyewe ndani ya wiki moja mbili hata usipopaka kitu, na ulichopaka ndo kinapewa sifa.

Cha kufanya: vua nguo iliyolowa, vua bangili, shanga na kamba ya irizi mkononi haraka kabla hapajavimba (nimekata nyingi kwa mkasi), kama nguo imegandia acha. Kisha maji baridi ya kawaida dakika 20, sio barafu. Hata ukichelewa, ndani ya masaa 3 bado yanasaidia. Bomba halitoki? Ndoo na jagi, mmoja anamimina mwingine anashika mtoto, yakinge kwenye beseni safi uyarudie maadam hayajapata joto. Kitabu kinataka yanayotiririka, mimi nataka yaliyopo. Mvuvi aliyeunguzwa na karabai usiku katikati ya ziwa achote ya ziwa, vijidudu tutapambana navyo asubuhi.

Hizo dakika 20 zenyewe zilianzia sana kwenye majaribio ya nguruwe Australia, baadaye wakafuatilia watoto wakaona waliopata maji vizuri wachache zaidi walihitaji kupandikizwa ngozi. Naziamini. Lakini kichanga aliyeungua kifua, usiku, na upepo wa ziwa, dakika 20 zinanitia wasiwasi, anaweza kupoa mwili mzima. Huyo namfunika kitenge pote pasipoungua, akianza kupoa mwili naacha, maana kichanga anaweza kupoa bila kutetemeka.

Asali sitaitukana. Kuna tafiti nzuri kwamba kidonda cha moto kikifungwa na asali kinapona haraka kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida, ila hiyo ni asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, sio ya chupa ya barabarani yenye nta na miguu ya nyuki, na hata hiyo ni baada ya maji. Yai bichi hapana, majivu hapana, unga hapana. Lengelenge usilitumbue.

Uso, viganja, sehemu za siri, kwenye viungo, umeme, au eneo linalozidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, njoo, funika na kitambaa safi tu usipake kitu. Na uliza sindano ya pepopunda.

Yule mtoto anarudi Alhamisi kubadilishwa bandeji. Vidole vinakunja, nimemwambia mama yake avichezeshe kila siku hata akilia.