Kwa nini hofu hutupa tumbo joto?

Kila fununu za kubadilishwa kwa baraza la mawaziri zinapovuma, magazeti yetu huandika kwamba vigogo wako matumbo joto. Hakuna msomaji anayeuliza maana yake. Aliyewahi kwenda msalani mara tatu kabla ya karatasi ya kwanza ya mtihani wa kidato cha nne anaijua maana hiyo vizuri. Kiswahili kimeiweka hofu tumboni, na naona kimepatia.

Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari. Tezi hiyo nayo hutuma ujumbe kwa tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zikamwaga homoni ya kotisoli kwenye damu. Adrenalini hutoka kwenye tezi hizo hizo, tena haraka zaidi, kwa sababu huamriwa moja kwa moja na neva. Moyo unaenda mbio, na damu inapunguzwa tumboni ili misuli ipate ya kukimbilia. Ile homoni ya kwanza, ya haipothalamasi, ina kazi nyingine pia: hukawiza chakula kutoka kwenye mfuko wa tumbo, huku ikiharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana chai ya asubuhi ya mtihani hukaa nzito pale juu wakati huko chini choo kinaita.

Lakini njia hii haiendi upande mmoja. Kati ya shina la ubongo na tumbo kuna neva ndefu iitwayo vagasi, na takribani nyuzi 80 katika kila 100 za neva hiyo hupandisha habari kutoka mwilini kwenda kichwani. Zinazoshusha amri ndizo chache. Kuta za utumbo zenyewe zina seli za neva zaidi ya milioni 100, zinazoweza kusukuma chakula hata pale mawasiliano na ubongo yanapokatwa.

Chukua njaa. Mwaka 1999, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walitangaza ugunduzi wa grelini, homoni ya njaa inayotoka hasa tumboni. Homoni hii hupanda karibu na saa ulizozoea kula, kisha hushuka yenyewe hata usipotia kitu mdomoni. Waliofunga Ramadhani wanaijua hali hiyo: njaa ya saa saba mchana huuma, halafu ikapita. Sukari ya damu ikishuka sana, mwili huipandisha kwa kutumia adrenalini na kotisoli, zile zile za hofu. Basi mwenye njaa anapomfokea mtu kwa jambo dogo, usimhukumu haraka.

Kisha kuna bakteria. Makadirio ya mwaka 2016 yanasema mtu mzima hubeba kama trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana. Chakula chao ni nyuzinyuzi za maharage, mboga za majani na ugali wa dona, ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Wao huzichachusha na kutoa asidi nyepesi zinazolisha kuta za utumbo.

Mwaka 2004, Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu walichunguza panya waliozaliwa na kukulia mahali pasipo kijidudu chochote. Walipobanwa wasiweze kusogea, panya hao walimwaga homoni nyingi za mfadhaiko kuliko panya wa kawaida. Walipopewa aina moja tu ya bakteria wa utumbo, mwitikio huo ukatulia. Mwaka 2011, watafiti wa Cork, Ireland, waliwalisha panya bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, na woga wa panya hao ukapungua. Wengine walikatwa neva ya vagasi kwanza. Kwao bakteria hao hawakubadilisha kitu.

Hapo ndipo wauzaji wa unga na vidonge mitandaoni wanapoturukisha hatua. Wanasema zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, kwa hiyo furaha inatoka tumboni. Sehemu ya kwanza ni kweli. Wanachokiacha ni kwamba serotonini hiyo haipiti kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake. Mtindi na togwa ni vyakula vizuri, nami navipenda, lakini mwenye sonona anahitaji matibabu. Kumwambia aache dawa anywe maziwa mgando ni kumweka hatarini.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo nguvu ya bakteria wa utumbo juu ya akili ya mtu haina ubishi, nako ni kwenye wodi ya wagonjwa wa ini. Bakteria wakivunjavunja protini hutoa amonia. Ini zima huisafisha kabla haijafika mbali. Ini lililokakamaa, iwe kwa pombe au kwa homa ya ini aina ya B, hushindwa, na sumu hiyo hupanda hadi ubongoni. Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Mtu mpole anakuwa mkali, anasahau majina ya wanawe, viganja vinapigapiga akinyoosha mikono. Si ajabu ndugu wakadhani amerogwa.

Dawa yake haielekezwi kichwani. Tangu mwaka 1966 madaktari hutumia laktulosi, sharubati tamu isiyosagwa na utumbo mwembamba. Ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huichachusha, asidi inaongezeka, amonia inanaswa humo humo na kutoka na choo. Wengine huongezewa dawa ya kuua bakteria. Mgonjwa akipata choo laini mara mbili au tatu kwa siku, mara nyingi akili hurejea, akawatambua wanawe tena.

Kufunga choo kwa siku chache tu kunatosha kumrudisha kwenye kuchanganyikiwa. Ndiyo maana daktari akiletewa mgonjwa wa ini aliyeanza kuweweseka, swali mojawapo la mwanzo kwa ndugu waliomleta ni hili: mara ya mwisho alikwenda choo lini?