Tabaka za maji: kwa nini sambaza hawaishi kwenye kina cha Ziwa Kivu

Ziwa Kivu, mpakani mwa Kongo na Rwanda, lina kina cha karibu mita 480. Ukisimama Kituku, pale Goma, ukiangalia mitumbwi ya Minova ikishusha mizigo, utadhani maji yote yale yamejaa samaki. Sivyo. Samaki wa Kivu, pamoja na sambaza, wale wadogo kama dagaa, wanabanana katika mita 60 hivi za juu, na kuna miezi ambayo hata hizo hazitimii. Chini ya hapo hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna samaki.

Sababu ni tabaka za maji. Maji ya ziwa hujipanga kwa uzito: mepesi hukaa juu, mazito chini, kama mawese juu ya mchuzi. Oksijeni huingia ziwani kutoka hewani, na nyingine hutengenezwa na mimea midogo sana inayohitaji mwanga wa jua. Njia zote mbili ziko juu. Maji ya chini hupata oksijeni pale tu yanapochanganyika na ya juu. Yasipochanganyika, bakteria wanaoozesha mabaki yanayozama huimaliza yote.

Katika maziwa mengi kinachotenga tabaka ni joto. Kaskazini mwa Marekani, majira ya joto, jua hupasha maji ya juu na ya chini hubaki baridi. Baridi ikikaribia, ya juu nayo hupoa, huwa mazito, huzama, na ziwa zima hujigeuza. Wavuvi wa kule wanaotafuta samaki wa besi wanalijua hili: wakati wa joto, kushusha ndoana chini ya mpaka wa tabaka mara nyingi ni kazi bure.

Kivu ni kichwa ngumu. Chini kabisa kuna joto la nyuzi 26 hivi, juu ni kama 24. Kwa kanuni ya joto peke yake, maji ya chini yangepaswa kupanda. Hayapandi, kwa sababu yamebeba chumvi na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, na vingi vya hivyo huletwa na chemchemi za chini ya ziwa katika nchi hii ya volkeno. Uzito huo unayashikilia chini. Ziwa lisilojigeuza lote namna hii wataalamu huliita meromiktiki, na ndiyo maana gesi ya methani imeweza kulundikana huko kwa muda mrefu.

Linalochanganyika ni tabaka la juu tu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu hupoza uso wa ziwa, maji huzama mpaka mita 60 hivi, na virutubisho vilivyokuwa vimetulia hupanda kwenye mwanga. Mimea midogo huongezeka, vijidudu vinavyoila pia, na sambaza hula hivyo vijidudu. Mvua zikirudi, sehemu yenye hewa ya kutosha inaweza kupungua karibu nusu.

Sambaza wenyewe si wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, maana samaki wa asili wa Kivu hukaa zaidi kandokando na maji ya katikati hayakuwa na wa kuyatumia. Walipotoka wameizoea hali hii: Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini upande wa kaskazini oksijeni huishia karibu mita 100. Mchana sambaza hushuka, usiku hupanda, na ndipo wavuvi huwavuta kwa taa, wakiwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na mavuno huwa madogo.

Tabaka hizi zinahusu umeme pia. Kituo cha KivuWatt, upande wa Rwanda, kinachotoa umeme tangu 2016, huvuta maji ya kina, huyatoa ile gesi ya methani ili ichomwe kupata umeme, kisha huyarudisha chini. Yangemwagwa juu, virutubisho na sumu ya kule vingeingia kwenye zile mita 60 za samaki.

Mwenye bwawa la tilapia naye yanamhusu, hasa bwawa likiwa refu kwenda chini na lenye mbolea nyingi. Mvua kubwa ya baridi inaweza kuligeuza kwa ghafla, maji yasiyo na oksijeni yakapanda yote. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, usiwape chakula asubuhi hiyo. Kwanza fungulia maji mapya yaingie.