Carancho na mawakili wanaowinda majeruhi

Nashughulikia kesi za fidia ya ajali hapa Nakuru, na sijaona filamu inayoijua biashara hii kama Carancho ya mwaka 2010, kazi ya Pablo Trapero wa Argentina. Ricardo Darín ni Sosa, wakili aliyepokonywa leseni, anayezunguka usiku vitongojini mwa Buenos Aires akiwahi ajali ili anase wateja. Mabosi wake wanajiita wakfu wa kusaidia majeruhi.

Wengi hushtushwa na damu. Mimi hunichoma ile sahihi anayotakiwa majeruhi aiweke. Mtu analia kwa maumivu, hajui hata gari lililomgonga lina bima ya nani, na karatasi tayari iko mbele yake. Huku kwetu, ajali ikitokea Salgaa au Londiani, dalali anaweza kufika wodini kabla ya ndugu, amebeba fomu na kidau cha wino, maana mkono wa kuandikia umefungwa plasta na kilichobaki ni kidole gumba. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakataza kusaka wateja namna hiyo. Inakatazwa, na inafanyika.

Halafu kuna majina ya abiria hewa, watu ambao hawakupanda matatu ile kabisa lakini wana ripoti ya daktari. Hao wanakausha bima, na aliyevunjika mguu kweli ndiye anayezungushwa.

Ila wizi unaouma zaidi huja baada ya kesi kushinda. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inailazimu bima kulipa majeruhi mmoja hadi shilingi milioni 3, na kwa kawaida hundi hupitia kwa wakili wa mdai. Kabla yake huja karatasi ya kukubali kiasi na kufunga dai, ya Kiingereza kitupu. Mama wa watu anaambiwa, "Weka kidole hapa." Miezi ikipita, akiuliza, jibu ni kwamba kesi bado inasukumwa.

Ukijibiwa hivyo, dai namba ya kesi, uende masjala ya mahakama mwenyewe ukaulize. Ukikuta hukumu ilishatoka na pesa zililipwa, peleka lalama kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Na kama kesi haijafunguliwa kabisa, hesabu vizuri: una miaka 3 tangu siku ya ajali.