Kwa nini mkimbiaji wa gemu ya parkour anaruka hata ukichelewa kubonyeza?

Kwenye banda la gemu pale Mwanjelwa, Mbeya, zamu za mpira zikiisha na mtu akaweka gemu ya parkour, yaani ya kukimbia na kuruka vizuizi na mapaa, angalia miguu ya steringi. Anakimbia juu ya paa, anafika ukingoni, mguu unapita ukingo na kukanyaga hewa. Hapo ndipo mwenye pedi anabonyeza kuruka. Badala ya kudondoka, jamaa anaruka kama kawaida na kutua paa la pili.

Hiyo si hitilafu, imewekwa makusudi. Kila miguu inapogusa chini, programu inajaza saa ndogo, tuseme sekunde 0.1. Miguu ikiacha paa, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma, na mradi haijafika sifuri, kitufe cha kuruka bado kinakubaliwa. Tuuite muda wa huruma. Gemu ya Celeste ya 2018, ambayo si ya parkour lakini imejaa kuruka na kung'ang'ania kuta, inatumia sekunde 0.1 hiyohiyo, watengenezaji wake waliliweka hadharani faili la mhusika, na namba imo humo.

Sekunde 0.1 inaonekana si kitu. Ila mkimbiaji wa mita 6 kwa sekunde anakuwa ameshapita ukingo kwa sentimita 60. Kwenye bati halisi la geji 30, huyo ameshashuka karibu sentimita 5 na anaelekea kwa daktari wa mifupa. Kwenye gemu, mruko unafuta kasi ya kushuka, unaweka ya kupanda, na mchezaji anajisifu kwamba amelenga barabara.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu unachokiona kwenye kioo kimeshapita. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inabadilisha picha kila milisekunde 16.7 hivi, halafu TV bapa nayo inaichakata picha kwanza, iongeze rangi na kulainisha mwendo, kabla ya kuionyesha. Kwenye TV nyingine uchakataji huo unakula milisekunde 50 hadi 100. Zile TV za chogo hazikuwa na shida hii. Tena parkour inakulazimisha ubonyeze dakika ya mwisho, maana ukiruka mapema unapoteza umbali. Bila huruma, mchezaji angeapa kwamba amebonyeza kwa wakati, na kwa alichokiona angekuwa sahihi.

Huruma iko upande wa pili pia: ukibonyeza kabla kidogo ya kutua, programu inaitunza amri hiyo na kuitekeleza miguu ikigusa. Bila hilo, mikimbio ya kuruka mfululizo inakatikakatika.

Hata mvutano wa dunia unachakachuliwa, na hapa ndipo pana utamu. Mvutano halisi ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Mhusika akiruka juu mita 1.5 kwa mvutano huo, atakaa hewani sekunde 1.1, aelee kama mfuko wa nailoni. Kwa hiyo mtengenezaji anaanza na anachotaka: kimo mita 1.5, muda wa kufika kileleni sekunde 0.35. Mvutano ni mara mbili ya kimo, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe: 3 gawanya kwa 0.1225, unapata 24.5, yaani mara mbili na nusu ya ule wa duniani. Kasi ya kuanzia ni mara mbili ya kimo gawanya kwa muda, karibu mita 8.6 kwa sekunde. Hewani atakaa sekunde 0.7, na kwa mbio za mita 6 atavuka mita 4.2. Ukishajua hiyo 4.2, ndipo unapopanga mapaa: pengo la kawaida mita 3.5, la kumtoa mtu jasho mita 4.

Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Mbeya, anayejaribu haya kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, anaweza kukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni kusahau kuisifurisha ile saa mhusika anaporuka. Matokeo yake, ukibonyeza mara mbili harakaharaka anaruka tena akiwa hewani na kupaa kuliko ulivyopanga. Ya pili ni kuhesabu huruma kwa fremu badala ya sekunde. Fremu 6 kwenye kompyuta ya fremu 60 ni sekunde 0.1, simu ya bei ndogo ikipata moto na kushuka hadi fremu 30, zinakuwa 0.2, na jamaa anatembea hewani mita 1.2 mbele ya kila mtu. Hapo siri imeshavuja.

Kudaka ukingo ni rahisi kuliko kunavyoonekana. Programu inarusha mistari miwili isiyoonekana kwenda mbele, mmoja kutoka kifuani, mwingine juu ya kichwa. Wa kifuani ukigonga ukuta na wa kichwani ukapita, kuna ukingo, basi mikono inavutwa hadi pale. Nguzo nyembamba ndizo zinazosumbua, kwa sababu mistari yote inaweza kuzikosa.

Si kila kitu kinahurumiwa. Kwenye Mirror's Edge, gemu ya 2008 ya DICE wa Sweden, ukitua kutoka juu lazima ubonyeze kitufe cha kuchuchumaa kabla miguu haijagusa, ndipo Faith, steringi wake, abiringike. Ukichelewa, anatua kwa kishindo na mbio zote zinapotea.

Kupima huruma ya gemu yoyote, rekodi kioo kwa simu kwenye mwendo wa taratibu wa fremu 240 kwa sekunde, pedi nayo ionekane. Bonyeza ukizidi kuchelewa kidogo kidogo hadi mruko ukataliwe, kisha chukua mruko wa mwisho uliokubaliwa na uhesabu fremu kuanzia mguu unapoacha paa hadi kidole kinaposhuka. Fremu 24 ni sekunde 0.1. Kabla ya kupima, ingia mipangilio ya picha ya TV na uwashe hali ya gemu, la sivyo utakuwa unapima ucheleweshaji wa TV pia.