Kromosomu B: vinasaba vinavyojirudia ndani ya nafaka zetu

Mkulima wa Kongwa anayepeleka mahindi soko la Kibaigwa hawezi kujua kwa macho iwapo seli za mbegu yake zina kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba urithi) 20 za kawaida au zimezidi. Hilo lisimtie hofu. Baadhi ya mahindi, hasa ya kienyeji, hubeba kromosomu za ziada ambazo L. F. Randolph wa Marekani aliziita kromosomu B mwaka 1928. Mmea usio nazo hustawi vizuri tu. Si ugonjwa, wala si GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara (swali hili huulizwa sana). Zilikuwamo kabla ya maabara kuwepo.

Zimejaa nini? Kwa sehemu kubwa, vinasaba vinavyojirudia: kipande kifupi cha DNA kilichopangwa mara maelfu, kama kiitikio cha ngoma ya Kigogo. Vingine ni vipande vinavyohamahama, vile alivyovigundua Barbara McClintock kwenye mahindi na kutunukiwa Nobel mwaka 1983. Jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kazi za seli, zimo pia, ila si nyingi: kromosomu B ya mahindi iliposomwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2021, zilikadiriwa 758.

Wapo wanaoviita vinasaba hivi takataka. Mimi sikubali, na sababu yangu ni rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Kwa kawaida seli ya chavua ikigawanyika, nakala mbili za kila kromosomu huachana, kila moja upande wake. Nakala za kromosomu B ya rai hugoma kuachana, na mara nyingi zote mbili huingia upande utakaotoa mbegu za kiume. Hivyo B huongezeka kizazi hadi kizazi bila kumfaidi mkulima wala mmea. Sasa, ukikatika ule mwisho wa mkono mrefu (upande mrefu) wa kromosomu hiyo, ambako vipande maalumu vya kujirudia vimerundikana, ujanja huo hupotea. Takataka gani hiyo? Kromosomu B zikizidi mno, lakini, uzazi wa mmea hushuka.

Mwanafunzi anayetaka kuzihesabu kromosomu B kwa hadubini huanzia ncha ya mzizi, na kwa mahindi inatosha. Kwa mtama pori uitwao Sorghum purpureosericeum atapotea njia, kwani mizizi na majani huzitupa B mapema, mmea ukiwa bado kiinitete. Huko achukue suke changa, kabla halijachomoza.