Panther: ndege iliyochorwa na sitaha

Dereva wa lori lenye tabo (turbo) anaijua hali hii: unakanyaga mafuta mlimani, gari linasita, kisha ndipo nguvu inakuja. Barabarani kusita huko ni kero tu. Ukiwa angani unakuja kutua, meli ya kubebea ndege iko mbele yako na bahari iko chini, ni jambo la kufa na kupona.

Kazi yangu ni injini za ndege, na kwa miaka 20 nimefungua na kufunga kompresa nyingi, yaani sehemu ya injini inayobana hewa. Kijana mgeni akija karakanani nikataka aelewe kwa nini injini ya jeti haiharakishwi, humsimulia habari za Grumman F9F Panther. Hiyo ndiyo jeti ya kwanza ya Grumman, kiwanda cha Marekani kilichozoea kuzipa ndege zake majina ya jamii ya paka. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Novemba 1947. Ilipoingia kazini ilikuwa na mizinga 4 ya milimita 20 puani na tangi la mafuta kwenye ncha ya kila bawa.

Injini yake asili yake ni Uingereza: Rolls-Royce Nene, ambayo Pratt & Whitney waliitengeneza Marekani kwa leseni wakaiita J42. Ifungue, utakutana na gurudumu moja la kompresa lenye mapezi pande zote mbili. Linanyonya hewa mbele na nyuma, linaizungusha na kuitupa ukingoni, kazi ile ile ya tabo ya lori. Tofauti ni kwamba hili lina kipenyo cha zaidi ya sentimita 70, na likishika kasi linapita mizunguko 12,000 kwa dakika. Kitu kizito namna hiyo hakiamki mara moja. Rubani akisukuma mkono wa mafuta kwa pupa, mafuta yanafika kabla ya hewa: joto linapanda hadi kuunguza mapezi ya tabaini, gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto, au moto unazimika kabisa. Kwa hiyo alisukuma taratibu na kuhesabu sekunde.

Sasa mweke rubani huyo nyuma ya meli ya kubebea ndege ya mwaka 1950. Sitaha ilikuwa imenyooka kutoka tezi hadi omo. Ndege zilitua nyuma, na mbele zilikuwa zimeegeshwa nyingine, pengine zikiwa na mafuta na mabomu, zikikingwa na vizuizi vya nyaya na nailoni tu. Pembeni alisimama ofisa mwenye vibao viwili vya rangi, akimwelekeza rubani kwa mikono: uko juu, uko chini, unakwenda polepole. Mwisho alitoa ishara ya kukata. Rubani alifunga mafuta, ndege ikadondoka, na kulabu ya mkiani ikapaswa kunasa mojawapo ya nyaya zilizotandazwa sitahani.

Ndege ya rafadha ikikataliwa kutua dakika ya mwisho ilikuwa na njia, kwa sababu rafadha inauma hewa papo hapo. Jeti haikuwa na njia hiyo. Ukishakata, umekata.

Ndiyo maana Panther ilipewa mabawa yaliyonyooka. Wahandisi waliyajua vizuri mabawa yaliyolazwa nyuma, utafiti wa Wajerumani ulikuwa mikononi mwao. Lakini jeshi la maji lilihitaji ndege inayoweza kuja polepole, karibu kilomita 200 kwa saa, bila kuanguka. Mimi nasema sitaha ndiyo iliyoichora ndege hii, wahandisi walishika kalamu tu.

Gharama ya mabawa hayo ilionekana kwenye Vita vya Korea. Tarehe 3 Julai 1950 Panther za kikosi cha VF-51 kutoka meli ya Valley Forge ziliangusha ndege za rafadha aina ya Yak karibu na Pyongyang, na mambo yakaonekana mepesi. Kisha zikaja MiG-15, jeti za Kisovieti zenye mabawa yaliyolazwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, wakati Panther iliishia kwenye 925 hivi. Hapa mimi fundi huwa nasisimka kila mara: injini ya MiG-15 nayo ilitokana na Nene! Serikali ya Uingereza iliruhusu injini hizo ziuzwe kwa Wasovieti baada ya Vita Kuu ya Pili, nao wakaziiga na kuziboresha. Watoto wa mama mmoja wakakutana angani, mmoja kalelewa nchi kavu, mwingine kalelewa baharini. Na bado, tarehe 9 Novemba 1950, William Amen akiwa kwenye Panther aliangusha MiG-15, akawa rubani wa kwanza wa jeti wa jeshi la maji la Marekani kufanya hivyo.

Kazi kubwa ya Panther, hata hivyo, ilikuwa kushambulia madaraja na reli kwa kuruka chini sana. Tarehe 3 Septemba 1951 Neil Armstrong, ambaye baadaye alikuwa mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, akiwa na miaka 21 aliruka kutoka meli ya Essex akagonga waya uliotegwa kati ya vilima, ukamkatia kipande cha bawa la kulia. Aliipandisha ndege, akaivusha hadi kusini, kisha akajirusha kwa kiti cha kufyatuka, maana kwa bawa lile asingeweza kupunguza mwendo akatua. Siku 13 baadaye, kwenye meli ile ile, jeti ya aina nyingine iitwayo Banshee ilirudi imeharibika ikagonga zilizoegeshwa mbele. Moto uliwaua watu 7. Kilio cha namna hiyo ndicho kilichosukuma sitaha ya mshazari, yenye njia ya kutulia iliyoelekezwa pembeni, iliyofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 1952: kulabu ikikosa waya, mbele hakuna kitu, unaondoka. Na kwa sababu injini bado ni nzito kuamka, rubani sasa husukuma mafuta yote pale magurudumu yanapogusa sitaha, badala ya kukata.

John Glenn naye aliirusha Panther Korea, akiwa na wanamaji wa Marine. Ni yeye ambaye tarehe 20 Februari 1962, akiizunguka dunia kwa chombo cha anga, alizungumza kwa redio na kituo kilichokuwa Unguja.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni Luteni Royce Williams. Tarehe 18 Novemba 1952, kutoka meli ya Oriskany, alikutana na MiG-15 saba za Kisovieti, na kwa muda mrefu alipigana peke yake. Aliangusha nne. Risasi ya mzinga iliharibu mfumo wake wa haidroliki, usukani ukawa karibu haufanyi kazi, na chini ya kilomita 300 kwa saa ndege ilikataa kuruka. Kujirusha kwenye maji yale ya baridi kulikuwa kifo. Basi aliileta hivyo hivyo kwenye sitaha iliyonyooka, kwa mwendo uliozidi ule wa kawaida kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na meli yenyewe ikageuzwa imfuate yeye, kwa kuwa yeye hakuweza kuifuata. Alinasa waya wa tatu.

Mafundi walihesabu matundu 263. Injini ilikuwa imemfikisha.

Kwa kuwa Wasovieti hawakutambuliwa kuwa wamo vitani, aliamriwa anyamaze, na alinyamaza miaka mingi hata mbele ya mkewe. Nishani ya Navy Cross alivishwa Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 97.